Baada ya Chai

Biashara huria iliporuhusiwa, Secilia alitoka Tanga mjini akaanzisha duka la dawa Mponde, karibu na kiwanda cha chai. Alikuwa mchangamfu, na mdomo wake mwepesi. Kila aliyenunua diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti au kiuno alipewa maneno yaleyale: "Meza baada ya chai." Kwao Tanga mjini chai ni maandazi, ni mihogo, ni chapati, kinywaji chenyewe hakihesabiwi.

Mzee Ibrahimu, mkulima wa chai, alimtii. Siku moja akatapika damu, akafia njiani kabla ya kufika hospitali. Watu wakasema vidonda vya tumbo, kazi ya Mungu haina makosa. Secilia hakuuliza. Alishuku dawa aliyomuuzia, na shaka ikaanza kumla.

Tangu hapo, kila asubuhi kiwanda kikianza kunukia, alisikia kikohozi cha mzee pale kaunta. Akiinua macho, hakuna mtu. Akawa haachi kuuliza wateja: "Utakula nini kwanza? Una vidonda vya tumbo? Usichanganye na dawa nyingine ya maumivu! Ukiona choo cheusi kama lami, acha, kimbilia hospitali." Wakamtania, wakamwita Mama Utakula-Nini. Alicheka nao, moyo ukimlia.

Ndipo akaingia Bi Hawa, mjane wa mzee.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Magoti yananiua. Nipe ile ya marehemu."

"Utakula nini kwanza?"

"Kula tena? Si ulisema chai? Marehemu hakukosa hata siku moja. Nikimchemshia mwenyewe, kavu, anakunywa, anameza, anabeba tenga lake anakwenda shamba. Tumbo likimwaka, tunasema dawa inafanya kazi."

Secilia angeweza kusema dawa zimekwisha, na siri ingebaki yake. Lakini duka jingine la dawa lilikuwa hapo chini tu, na Bi Hawa angekwenda huko na chai yake kavu.

"Bibi," alisema, machozi yakimtoka, "nilikusudia chakula. Tumbo tupu dawa ile hulichubua hadi likatoka damu. Kosa ni la mdomo wangu."

Bi Hawa aliitazama mikono yake, ile iliyokuwa ikishika birika.

"Siku ile ya mwisho alikataa," alisema taratibu. "Nikamwambia, kunywa mume wangu, Secilia kasema."