Mkufunzi wa Zamu

Pale kitengo cha elimu masafa kila mtu alimwita Bi Stempu, na sidhani kama kulikuwa na aliyekumbuka tena jina lake la kwenye cheti. Hilo la Stempu alilipata enzi zile masomo yalipotumwa kwa posta, yeye ndiye akifunga bahasha, akiandika anwani na kulamba stempu mpaka ulimi unakuwa mkavu. Chuo kilipoweka tovuti bahasha zikaisha, jina likabaki. Alikuwa karani mwenye kidato cha nne, na kwa miaka kumi na tisa hakuwahi kupewa onyo hata la mdomo. Alifika mapema, hakuwa na maneno mengi, na jioni ndiye aliyefunga madirisha ya ofisi nzima.

Jumatano hiyo alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mikono ameibana kwapani. Siku ya tatu hiyo watathmini walikuwa ndani ya jengo.

Walikuwa wawili, mama mmoja mfupi mwenye mkoba mkuukuu na bwana mmoja mwenye utani wa kuchoma. Walikuwa wameitwa kuangalia kama masomo ya masafa na tovuti yake vinastahili kuendelea, au vifungwe, kila mtu akatafute riziki kwingine. Siku mbili za mwanzo walikagua tovuti, na Mkuu wa Kitengo akatamani ardhi ipasuke immeze. Ukurasa wa "Habari Mpya" ulikuwa na habari ya miaka minne nyuma. Namba ya simu ya msaada ilipopigwa ikaita kantini, na mpishi akauliza wanataka sahani ngapi. Picha ya ukurasa wa mbele ilionyesha vijana wakicheka kwenye bustani ya kijani kibichi, na yule bwana akauliza bustani hiyo iko upande gani wa chuo, angependa akapumzike kidogo. Bustani haikuwepo. Picha hiyo fundi wa tovuti aliitoa anakojua mwenyewe.

Watu walicheka chini chini. Bi Stempu hakucheka, maana alijua kilichobaki kukaguliwa ni kitu gani.

Kilibaki ukurasa wa "Muulize Mkufunzi". Mwanafunzi aliye mbali anaandika swali lake pale, mhadhiri wa somo analijibu. Swali likipita siku saba bila jibu linageuka jekundu, na hata Mkuu wa Chuo akifungua kompyuta yake analiona. Ndivyo ilivyopangwa. Wahadhiri wenyewe hawakuwa na habari nao. Daktari wa Takwimu, ambaye somo lake ndilo lililowatoa wanafunzi machozi, alimwandikia Bi Stempu neno lake la siri kwenye kipande cha karatasi ili awe anamwingizia maksi, na mambo ya tovuti kwake yakaishia hapo. Mkuu wa Kitengo naye kila mwisho wa mwezi alikuwa na wimbo mmoja, kwamba hataki kuona nyekundu. Zitaondokaje, hakuuliza, na nina hakika hakutaka kuambiwa.

Basi siku moja, miaka tisa iliyopita, Bi Stempu aliingia kwa neno la siri la daktari akaandika, "Swali lako limepokelewa." Nyekundu ikaondoka. Chini ya maneno yake tovuti ikaongeza yenyewe, kama fundi alivyoitengeneza, jina la daktari na sahihi ya "Mkufunzi wa Zamu". Hakuyaandika yeye maneno hayo, Mungu ni shahidi wake, lakini hakuyafuta pia.

Angeishia hapo angelala usingizi wake wote. Wiki ileile aliyeuliza, muuguzi wa zahanati moja ya mbali, akaandika tena kwa adabu kwamba anashukuru swali limepokelewa, sasa anaomba jibu. Bi Stempu aliona haya. Akachukua kitabu cha somo, kilekile alichokuwa akikitia kwenye bahasha miaka yote bila kukifungua, akawa anakisoma mchana wenzake wakienda kula. Mara ya kwanza hakuambulia kitu. Mara ya tatu akaanza kuona mwanga. Ya sita akamjibu muuguzi, na muuguzi akaandika kwamba kumbe jambo lenyewe ni dogo hivi, mbona hakuna aliyemwambia. Tangu siku hiyo Bi Stempu hakuacha. Raha aliyoipata kwenye kujibu maswali ya watu asiowajua hakupata kuionja kwenye kazi nyingine yoyote.

Na hofu haikumwacha hata siku moja. Aliwahi kuona kwa macho yake karani wa mitihani akitolewa getini katikati ya walinzi wawili, kiatu kimoja kimemtoka mguuni, kosa lake kujifanya mhadhiri mbele ya wanafunzi. Huyo alijifanya kwa muhula mmoja. Yeye alikuwa na miaka tisa, na majibu zaidi ya elfu tatu, yote yapo pale yanasomeka. Halafu likaja lile wazo baya kuliko yote, kwamba huenda mahali fulani alikosea, na kuna mtu alifeli kwa sababu ya neno lake.

Aliyeijua siri hiyo alikuwa mdogo wake peke yake, msusi, ambaye walikaa nyumba moja. Asubuhi hiyo alimkuta dada yake amesimama bafuni na mswaki mkavu mdomoni. Akamwambia aseme ukweli yaishe, na wakimfukuza aje saluni wasuke wote. Bi Stempu aliwahi kujaribu kusuka mara moja maishani, na aliyesukwa alijifunga kitambaa kichwani wiki nzima. Walicheka wote wawili. Kisha Bi Stempu akageuka akatapika kwenye beseni, na mdogo wake akaacha kucheka.

Saa nne na nusu akaitwa.

Chumba cha mikutano kilikuwa kidogo, meza moja na viti vinne, feni haizunguki. Mkuu wa Kitengo alikuwa ameombwa asubiri nje. Mama mtathmini akamkaribisha Bi Stempu kiti, akamweleza kwamba wamewapigia simu wanafunzi sitini na kuwauliza ni nini kimewasaidia zaidi kwenye masomo. Arobaini na mmoja walitaja kitu kimoja, na hakikuwa vitabu wala wahadhiri. Akatoa karatasi kwenye mkoba, akavaa miwani, akasoma.

"Chukua mafundi cherehani wawili. Kila mmoja kwa wastani anashona magauni matano kwa siku. Wa kwanza ni matano kila siku. Wa pili leo moja, kesho tisa. Wastani wao ni mmoja, lakini kitambaa chako cha harusi utampa nani? Hicho kilichokufanya umkwepe yule wa pili ndicho tunachokiita mtawanyiko."

Bi Stempu aliyasikia maneno yake yakitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine. Kwake ilikuwa kama kusomewa mashtaka. Alianza kuhesabu haraka haraka kichwani, moja na tisa ni kumi, gawanya kwa mbili ni tano, akitafuta alipokosea. Hakupaona, na hilo likamtisha zaidi.

"Ukurasa huu wa maswali unaushughulikia wewe kila siku," alisema mama mtathmini. "Majibu haya anaandika nani?"

"Daktari wa Takwimu, mama. Mkiangalia mtaona jina ni lake."

"Tumeangalia. Tumeona pia kwamba yanaandikwa saa saba mchana, hata wiki ambazo daktari yuko safarini." Akavua miwani. "Mimi sikuulizi ili nikukamate, dada yangu. Ni wewe?"

Lazima hata yule karani wa mitihani aliulizwa kwa upole hivihivi, Bi Stempu akawaza. Akaviona viatu vya walinzi. Akaliona geti.

"Si mimi, mama. Mimi nina kidato cha nne tu."

Mama mtathmini akaiweka karatasi mezani. Yule bwana wa utani alikuwa anatazama dirishani.

"Haya," akasema mama. "Nimefundisha takwimu miaka ishirini na sita, na sijapata kuieleza vizuri namna hii. Tulikuwa tumeshaandika pendekezo letu. Huyu mtu, awe na shahada au asiwe nayo, apewe nafasi ya ukufunzi kwa jina lake mwenyewe. Lakini kama ni daktari, yeye tayari anayo."

Bi Stempu alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa umekauka, umegoma. Alitaka kusema ngojeni kwanza, neno dogo tu, na angelisema, naamini angelisema, ila mlango ulifunguliwa na Daktari wa Takwimu akaingia, maana zamu yake ya kuhojiwa ilikuwa imefika.

Bwana mtathmini akampa ile karatasi, akamuuliza kama majibu hayo ni yake. Daktari akasoma mistari miwili, akaendelea mpaka chini. Kisha akainua macho akamtazama Bi Stempu mara moja tu, na hiyo mara moja ilimtosha kuelewa.

"Najitahidi," akasema. "Kazi ni nyingi, lakini wanafunzi wa mbali nao ni wanafunzi."

Mama mtathmini akamgeukia Bi Stempu, akamtazama kwa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Bi Stempu akaangalia meza. Kalamu ikapita juu ya pendekezo, mstari mmoja ulionyooka, na akaambiwa anaweza kwenda.

Alasiri watathmini walikuwa wameshaondoka, na Mkuu wa Kitengo alikuwa akizunguka ofisini akimpa kila mtu mkono. Masomo yataendelea, na daktari ataandikiwa barua ya pongezi. Daktari mwenyewe alisubiri watu wapungue ndipo akaja kwenye meza ya Bi Stempu, akainama na kusema kwa sauti ya chini.

"Endelea hivyohivyo. Ila sasa uwe mwangalifu, watarudi mwakani, na jina ni langu. Ukikosea, nitasema nimegundua leo kwamba ni wewe unayeandika."

Bi Stempu akasimama, kama alivyosimama sikuzote mhadhiri akija mezani kwake. Akasema sawa, daktari, atajitahidi, na kwa jinsi alivyokuwa amechoka kuogopa, akamshukuru.