Mkunga Aliyeisikiliza Injini

Tukuswiga alipostaafu ukunga, ndugu zake walidhani angefungua duka la vitenge pale Tunduma au angenunua ng'ombe wa maziwa. Yeye akanunua gari.

Lilikuwa gari dogo jeupe la kabureta, lenye umri wa miaka thelathini na kitu, na mlango mmoja wa nyuma ulikuwa haufunguki mpaka mtu ausukume kutoka ndani. Kwa miaka thelathini na moja Tukuswiga alikuwa amezalisha akina mama katika zahanati ndogo upande wa Ikinga, kule milimani Ileje, na safari nyingi za kuwafuata majumbani alizifanya kwa miguu, begi begani na viatu mkononi kila alipofika kwenye kijito. "Sasa ni zamu yangu kukaa," alimwambia mumewe, Yesaya, mwalimu mstaafu. Akajifunza kuendesha akiwa na miaka sitini. Mtihani wa kwanza alianguka, wa pili akafaulu, na siku aliyoletewa leseni aliimba wimbo wa kanisani kuanzia getini hadi jikoni.

Raha hiyo ilidumu miezi minne. Kisha gari likaanza kutetemeka.

Likiwa barabarani lilikwenda vizuri tu. Lakini likisimama kwenye foleni ya malori, injini inanguruma na kupiga chafya, usukani unatikisika, na kioo cha pembeni kinacheza mpaka mtu asijue lori lililo nyuma yake ni moja au mawili. Mara nyingine linazima kabisa. Hapo madereva wa malori humpigia honi, na waendesha bodaboda humpita wakisema, "Mama, pole, mzee kachoka!"

"Mzee yupi?" Yesaya aliuliza siku moja akiwa amekaa pembeni yake.

"Gari, Baba Angel. Wanasema gari."

Fundi wao alikuwa Enoka, kijana wa miaka thelathini na mitano mwenye gereji ya wazi Mpemba, pale barabara ya Ileje inapochepuka. Enoka hakuwa mbabaishaji. Mara ya kwanza alibadilisha plagi zote nne. Gari likatulia siku mbili. Mara ya pili akabadilisha waya za plagi. Mara ya tatu akaishusha kabureta inayochanganya hewa na mafuta, akaiosha, akairudisha, na akaongeza kidogo sailensa, yaani kasi ya injini gari likiwa limesimama, ili isizime. Haikuzima tena, ila ilitetemeka kwa kelele zaidi.

Wakati huohuo simu ikapigwa kutoka Ikinga. Jenista alikuwa anaolewa Jumamosi.

Huyu Jenista, Tukuswiga alimpokea duniani miaka ishirini na minne iliyopita, alfajiri ya mvua kubwa, mtoto akiwa ametanguliza miguu. Mkunga alikuwa ametembea saa mbili kumfuata mama yake, na alipofika matope yalikuwa yamemfika magotini. Sasa familia ilikuwa inamwomba aje akae meza ya mbele, pamoja na wazazi wa bibi harusi.

"Nitakuja," alisema, "na nitakuja na gari langu."

Yesaya aliposikia hivyo aliweka gazeti chini. "Mama Angel, pale kuna miteremko. Tupande basi, tufike salama."

"Basi utapanda wewe."

Jioni ile Tukuswiga hakuwasha redio. Alichukua daftari, akaandika kama alivyokuwa akiandika kadi ya mgonjwa. Ameanza kuumwa lini? Anazidiwa saa ngapi? Nini kingine kimebadilika? Akaandika kuwa injini ikikimbia inatulia, ikisimama ndipo inatetemeka. Akaandika kuwa baridi wala joto havileti tofauti. Kisha akakumbuka jambo ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye hakudhani lina maana. Tangu wiki ileile gari lilipoanza kutetemeka, pedali ya breki ilikuwa imekuwa ngumu. Alikuwa akidhani ni goti lake.

Alhamisi asubuhi akafika Mpemba kabla Enoka hajamaliza chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimemleta tena mgonjwa wetu."

Enoka aliwasha injini, akafungua boneti, na safari hii akafanya kitu ambacho Tukuswiga alikipenda mara moja kwa sababu kilikuwa na mpangilio. Akiwa amevaa glovu nene, alichomoa waya wa plagi ya kwanza injini ikiwa inanguruma. Injini ikayumba, karibu izime. Akaurudisha. Akachomoa wa pili, ikayumba. Wa tatu, ikayumba. Akachomoa wa nne, ule wa mwisho karibu na kioo cha mbele. Hakukuwa na tofauti yoyote.

"Umeona, mama? Hii ya nne haifanyi kazi. Gari inamisi kwa sababu inaenda na pistoni tatu tu." Akakagua plagi ile, ikatoa cheche nzuri ya bluu. Akaibadilisha na ya jirani, hali ikabaki ileile. Akajifuta mikono. "Moto upo. Itakuwa valvu imeungua. Itabidi tufungue injini juu, wiki moja hivi."

"Harusi ni kesho kutwa."

"Najua, mama. Utanisamehe."

Tukuswiga alitazama injini kwa muda. "Enoka," akasema, "sisi hatumpasui mtu kabla ya kumsikiliza. Breki imekuwa ngumu. Inahusiana?"

Enoka aliacha kujifuta. "Ngumu tangu lini?"

"Tangu haya yaanze. Wiki ileile."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbona hukuniuliza?"

Wote wawili wakacheka. Enoka akamwonyesha mpira mnene uliotoka kwenye injini na kwenda kwenye busta, lile kopo jeusi linaloipa breki nguvu. Injini ndiyo inayovuta hewa kupitia mpira huo, alieleza, na mahali mpira unapoingilia ni karibu kabisa na pistoni ya nne. Kama umetoboka, injini inavuta hewa ya nje isiyopimwa, na pistoni iliyo jirani inapata hewa nyingi na mafuta kidogo. Akaukagua kwa macho. Kwa juu ulikuwa mzima. Akaupapasa, hakuona kitu, na kelele za injini na malori ya barabarani zilikuwa kubwa mno kwa yeye kusikia chochote.

Tukuswiga akaenda kwenye begi lake. Alikuwa hajawahi kuachana nalo hata baada ya kustaafu. Akatoa kile kifaa cha mti cha kusikilizia, kama tarumbeta fupi, ambacho wakunga huweka tumboni mwa mama mjamzito kusikiliza moyo wa mtoto.

"Mama, unataka kufanya nini?" Enoka aliuliza.

"Kazi yangu."

Alikaza kilemba chake vizuri kisije kikanaswa na feni, akainama, akaweka sikio upande mmoja na kuusogeza mdomo mpana wa kile kifaa polepole kando ya mpira. Mafundi wa gereji ya jirani waliacha kazi zao. Mmoja akasema kwa sauti, "Jamani, gari ina mimba!" Tukuswiga akainua kidole kuwanyamazisha, na wakanyamaza kweli, wanaume wazima.

Alisogea kidogo kidogo. Akasimama. Akarudi nyuma inchi moja.

"Hapa," akasema. "Panapumua. Ssss, kama nyoka. Ni chini yake, upande usioonekana."

Enoka akapitisha mkono chini ya mpira, pale ulipogusana na chuma, na kidole chake kikaingia kwenye ufa mrefu kama ukucha. Akaubana kwa kiganja.

Injini ikatulia palepale, kama mtoto aliyepewa ziwa. Usukani ukaacha kutikisika. Enoka akaachia, mtetemeko ukarudi. Akabana, ukaisha. Akafanya hivyo mara nne, kila mara akicheka zaidi ya mara iliyotangulia, na Tukuswiga akapiga kigelegele kimoja kirefu kilichowafanya abiria wa basi lililokuwa linapita watoe vichwa madirishani.

Enoka alirukia bodaboda mpaka mjini, akarudi na mpira mpya. Alimwonyesha ulivyo mgumu, kwa maana mpira laini ungejikunja kwa kuvutwa. Akaufunga kwa klipu mbili, akahakikisha haugusi chuma, kisha akaipunguza ile sailensa aliyoiongeza zamani. Tukuswiga alipokanyaga breki, pedali ilishuka vizuri.

"Goti langu limepona," akatangaza.

Jumamosi asubuhi Yesaya alikuwa wa kwanza kukaa garini, amevaa suti, ameshikilia zawadi mapajani. Kwenye miteremko ya Ileje alikuwa akikanyaga sakafu kwa mguu wake mwenyewe, kana kwamba breki iko upande wake. Walipoingia uwanja wa kanisa pale Ikinga, kwaya ilikuwa inajipanga. Jenista, katika gauni lake jeupe, alikimbia kumkumbatia mkunga wake kabla hajamaliza kushuka.

"Mama, zima gari uje ndani!" akasema baba wa bibi harusi. Kisha akainamisha sikio. "Kumbe umeshazima?"

"Bado," Tukuswiga akasema. "Linaunguruma hapo."

Alilisema hilo kwa watu wengi siku ile.

Baada ya chakula, bibi mmoja jirani ya familia, Gwantwa, wa miaka themanini na zaidi, alikuja kuligusa gari. Alisema hajawahi kupanda gari akakaa kiti cha mbele. Tukuswiga akamfungulia mlango. Wakateremka hadi kijitoni, wakageuza, wakapanda tena, bibi akipungia mkono kila nyumba kama mgeni rasmi. Waliporudi walikuta mabibi wengine sita wamepanga foleni kando ya kanisa na mikoba yao.

Tukuswiga akasimamisha gari. Bibi Gwantwa hakushuka. Alijifunika kitenge vizuri, akatazama mbele.

"Hao watakaa nyuma," akasema. "Twende tena."