Siku Tuliyoonekana Matajiri

Siku ile nyumbani kwa nyanya yangu kulikuwa na viti vinane. Viwili vilikuwa vyetu. Sita viliazimwa kwa jirani, pamoja na chupa kubwa ya chai na sinia lenye maua, kwa sababu wageni wa serikali walikuwa wanakuja. Nyanya yangu, ambaye sisi Wakamba tunamwita Susu, hajawahi kumkalisha mgeni juu ya ndoo.

Neno "wageni" si langu. Lilitoka kwa mzee wa nyumba kumi alipopita kwetu Jumapili baada ya kanisa. "Alhamisi kuna wageni wa serikali," alisema. "Wanapita wakiangalia manyumba." Hakusema wanakuja kupima umaskini. Pengine aliona haya. Mimi nilijua, maana nilikuwa nimezisoma habari zao kwenye simu mara nne au tano. Vijana wenye vishikwambi wangepita eneo letu lote la Kola, wangeuliza kila kaya maswali, kompyuta ingejumlisha majibu, na kaya zitakazoonekana maskini kabisa serikali ingezilipia bima ya matibabu. Zingine zijilipie.

Susu alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. La kushoto lilikuwa limefunga. La kulia lilimwonyesha mtu kama nguo iliyoanikwa mbali. Daktari mjini Machakos alituambia upasuaji wake ni kazi ya asubuhi moja tu, mradi bima iwe hai. Bima yetu haikuwa hai. Kwa hiyo orodha ile ya watakaolipiwa ndiyo ilikuwa macho yake, na mwaka ule sikutaka kitu kingine duniani kuliko jina lake liingie, hata kazi sikuitaka hivyo.

Jumatano jirani alileta viti, viwili viwili, akiviweka kichwani. Nilisimama mlangoni nikivihesabu. Nilijua nilichopaswa kusema: Susu, rudisha viti. Lakini nikimwambia arudishe, nitakuwa nimemwambia aonekane maskini. Nikimwambia aonekane maskini, nitakuwa nimemwambia kwamba ni maskini, yeye aliyesomesha watoto watano kwa mbaazi na maembe. Na je, kujificha mbele ya serikali si udanganyifu? Lakini viti vya kuazima navyo si udanganyifu? Nilizunguka na maswali hayo kutwa nzima, kama ninavyozunguka na kila kitu, na jua likazama viti vikiwa bado pale pale.

Kulikuwa na sababu nyingine, nayo naiandika nikiona aibu. Tasnifu yangu ya chuo kikuu, kurasa themanini, ilihusu nchi za Skandinavia. Niliandika kwamba watu wa kule wanalipa kodi kubwa kuliko sisi na bado wanaishi vizuri kuliko sisi, kwa sababu raia haidanganyi serikali na serikali haimdanganyi raia. Nilipewa alama nzuri. Sasa serikali ilikuwa inakuja kwetu kwa mara ya kwanza kutoa badala ya kuchukua, na mimi nianze kwa kuficha viti? Nikajiambia fomu itauona ukweli. Mtu akimwangalia Susu anavyopapasa ukuta akitafuta mlango, atajaza nini kingine?

Alhamisi saa nne wageni walifika. Walikuwa mzee wa nyumba kumi na kijana mmoja mwenye kishikwambi shingoni. Huyo kijana nilimfahamu mara moja. Tulisoma darasa moja chuoni. Tulikaa bweni moja miaka miwili.

"Aii! Profesa wa kodi!" alipiga kelele, akanikumbatia. "Kumbe hapa ndio kwenu? Bado unataka tukatwe nusu ya mshahara?"

"Bado," nilisema.

"Hawa wakubwa wetu ukiwapa nusu, watarudi kuchukua ile ingine." Alicheka, kisha akanishika bega. "Na siku hizi uko wapi?"

Ukweli ni kwamba nilikuwa napalilia mbaazi asubuhi, na siku mbili kwa wiki nilikuwa nakaa kwenye saiba, duka la intaneti mjini, nikiwachapia watu barua za kuomba kazi ambazo mimi mwenyewe nilikuwa nimenyimwa.

"Niko Mlolongo," nilisema. "Kuna kampuni fulani. Utafiti."

"Umeomoka wewe, una pesa sasa," alisema, kwa namna ambayo nilijua imemuuma. "Mimi nimeshikilia hii ya wiki tatu tu. Ikiisha, sijui."

Susu alikuwa amevaa gauni la kanisani. Alikuwa amechinja kuku wake wa pekee aliyekuwa anataga. Kijana alikula paja na chapati mbili, akasema hajala chakula kama hicho tangu aanze kuzunguka, na Susu akafurahi kabisa. Kisha kijana akafuta vidole na kufungua fomu. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, maswali aliyauliza kwa Kikamba, na majibu ya Susu yaliingia mle yakiwa alama za vyema tu.

"Paa ni mabati, Susu?"

"Mabati. Babu yao aliezeka kabla hajafa."

"Sakafu?"

"Saruji. Kanyaga uone."

"Viti naona ni vinane."

"Wakija wengi tunatafuta vingine," Susu alisema.

Mzee wa nyumba kumi alikohoa. Anavijua viti vya kila nyumba katika kijiji kile, amevikalia vyote. Alinitazama, nikamtazama, tukaangalia chini.

"Jana mlikula mara ngapi?"

"Mara tatu."

Jana yake tulikula muthokoi wa mahindi mchana, jioni tukanywa chai. Lakini nani anaweza kumwambia mgeni, mfupa wa kuku ukiwa mbele yake, kwamba jana ulilala na chai?

"Sasa, Susu, la mwisho. Uko na mtu anakusaidia?"

Susu aligeuza uso akinitafuta. Alielekea mahali nilipokuwa nimekaa mwanzo. Nilikuwa nimehama, kwa hiyo alikielekezea kidole kiti kitupu.

"Huyu," alisema. "Amemaliza university. Ananisaidia sana."

Rafiki yangu aliinua macho kutoka kwenye kishikwambi. Ilikuwa nafasi yangu. Neno moja tu lilitosha: sina kazi, nilidanganya, huyu mama hana mtu. Nilifungua mdomo. Nikaona jinsi angenitazama, mimi niliyekuwa nikimfundisha usiku wa kuamkia mtihani.

"Ndiyo," nilisema.

Akaweka alama.

Alipotoka kwetu alikwenda moja kwa moja kwa jirani. Jirani huyo ana kibanda cha nguo za mitumba anachopeleka Tala siku za soko, na mtoto wake mmoja ni mwalimu. Baada ya wiki chache ujumbe wa simu ulipoanza kuingia, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kwetu. Alikuwa anacheka mpaka anashika mlango.

"Mwaitu," alimwambia Susu, kwa heshima ya kumwita mama, "wamenichukua! Walinikuta nimekaa kwa ndoo! Yule kijana akaniuliza, mama, huna hata kiti? Nikamwambia viti viko kwa jirani. Akanihurumia, akafikiri nimeuza!"

Kisha akaona uso wangu, na kicheko kikamwishia. Nilikuwa na ujumbe wetu mkononi. Ulisema kaya yetu ina uwezo wa kujilipia.

Sikumkasirikia jirani. Nilitaka, ikakataa. Yeye pia magoti yanamsumbua, na mshahara wa mwalimu unagawanywa na watu wengi. Hasira yangu ilikwenda kwingine, na mpaka leo haijarudi.

Susu amelipa kodi maisha yake yote. Amelipa kila aliponunua sukari, sabuni, mafuta ya taa, na kila alipoweka salio la kumpigia mtoto wake. Hakuna siku hata moja muuza duka alimwambia: ngoja kwanza, una viti vingapi? Umekula mara ngapi jana? Una mtu anakusaidia, au tukupunguzie? Wakati wa kuchukua, serikali yetu haina maswali. Inamwamini kila mtu. Wakati wa kurudisha ndipo inatuma kijana aje akague sakafu.

Kwenye bweni rafiki yangu alikuwa akiniambia watu wa nchi zile za kodi wanaishi kwa baridi na upweke, mtu anakufa chumbani jirani hajui. Nilimbishia kwa takwimu. Sasa sina haja nazo. Sijawahi kufika huko, sijui theluji ina harufu gani, na inawezekana kabisa kwamba wana huzuni kuliko sisi. Najiuliza hilo mara nyingi. Najiuliza pia kama kodi yao ingeletwa hapa Machakos kesho ingefika popote zaidi ya mfukoni mwa mtu mmoja. Lakini kwa yote niliyosoma, mzee wa kule akienda kutibiwa macho anaulizwa kuhusu macho. Hapa fomu ilikuwa na maswali mengi hata nikasahau idadi, na hakuna lililouliza kama huyu mama anaona. Kwangu maisha bora yanaanzia hapo: kupata kilicho chako bila kulazimika kwanza kujivua nguo mbele ya mtu aliyekula kuku wako.

Nilikwenda kwenye ofisi husika mjini. Mama aliyekuwa dirishani alinisikiliza akiwa anakunja karatasi.

"Rufaa iko," alisema. "Lakini mtu akisema hana msaada, jamii lazima ithibitishe. Inasomwa barazani. Wewe ndio huyo mjukuu mwenye kazi?"

"Sina kazi."

"Hapa imeandikwa uko nayo."

"Nilidanganya."

Aliacha kukunja. "Watu wanadanganya waonekane hawana," alisema. "Wewe ndio wa kwanza. Basi uende useme hivyo hivyo mbele ya watu."

Wiki mbili sikulala vizuri. Niliandika nitakachosema, nikakata, nikaandika tena. Susu nilimwambia tu kwamba tunakwenda barazani kwa sababu ya jina lake. Hakuuliza zaidi. Alivaa tena gauni la kanisani, na nilimshika mkono hadi kwenye uwanja wa shule ya msingi, ambako naibu wa chifu alikuwa amekaa nyuma ya dawati na watu wamejaa kwenye nyasi.

Jina letu liliposomwa nilisimama. Nikaikunja karatasi. Nikasema kwa Kikamba, bila mapambo, kwamba mimi ni mjukuu wake, nimemaliza chuo miaka miwili iliyopita, sina kazi Mlolongo wala popote, nilimdanganya mtu wa serikali kwa aibu, na kwamba mama huyu hana mtu wa kumsaidia. Nilisema maneno hayo: hana mtu. Mtu mmoja nyuma aliguna, si kwa dharau. Naibu wa chifu alichukua kalamu. Niliona kabisa anaielekeza kwenye karatasi.

Susu akasimama. Alisimama peke yake, akishikilia bega la mwanamke aliyekaa mbele yake.

"Huyo mtoto ni wangu," alisema, na sauti yake ilifika mpaka kwenye madarasa. "Ni nani amenileta hapa? Ni nani ananichotea maji? Mnasikia akisema sina mtu? Anaona aibu kwa sababu ya kazi. Kazi itakuja. Lakini mimi sijakufa nikiwa sina mtu. Watoto wangu wananisaidia. Muandike hivyo."

Wanawake walipiga vigelegele. Wazee walipiga makofi. Kuna aliyesema kwa sauti, "Huyo ni mama!" Naibu wa chifu alicheka kwa heshima, akatikisa kichwa, akaandika kitu kifupi.

"Basi mwenyewe amesema," alisema. "Ana mtu. Jina linalofuata."

Nilimtazama Susu akiwa amesimama katikati ya kelele ile, uso umeinuka, akigeuka taratibu huku na huku kuwatazama watu asiowaona. Nilikuwa na hasira naye kuliko nilivyowahi kuwa na hasira na mtu yeyote. Nilitaka kupaza sauti niwaambie wanyamaze, waache kumshangilia mtu anayejifungia mlango. Lakini alikuwa ametega sikio upande wangu, na mikono yangu peke yake ndiyo iliyokuwa kimya, na nikajua anasikiliza.

Nami nikapiga makofi.