Sanamu za Mjomba

Juzi nilipita Kalangalala, pale Geita, nikakuta vijana wanachoma matofali. Moshi ule uliponifikia nilisimama njiani kama mtu aliyeitwa jina. Rafiki yangu, nilirudi papo hapo uwanjani kwa bibi, karibu na Bugarama, siku ile ambayo sisi watoto tulishindwa hata kumeza michembe ya viazi kwa hamu.

Bibi alikuwa mfinyanzi. Mwanawe, mjomba wangu, alikuwa amerudi kutoka vita vya Burma akiwa mzima wa mwili, ila hadithi hana. Watu walikuja kutaka habari za vita, yeye akawakaribisha togwa na kunyamaza. Aliyemkwepa zaidi ni jirani yetu, mama ambaye mwanawe alikwenda vitani pamoja na mjomba na hakurudi. Barua ya serikali ilisema amekufa, basi. Kila mama yule alipokuja kuuliza, mjomba alichukua fimbo akaenda machungani, hata kama ng'ombe walikuwa tayari na mchungaji.

Asubuhi moja mjomba akakaa kando ya bibi, akamega udongo. Kwetu ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, na wapita njia walicheka. Bibi akawaambia, "Mwacheni. Mdomo ukikwama, mikono huenda mbele." Akamfundisha kuchanganya udongo na vigae vilivyotwangwa, usije ukapasuka motoni.

Kwa watoto ikawa sikukuu ya mwezi mzima. Leo nyumbu wa jeshi, yule chotara wa punda na farasi, mwenye mizigo, kesho ndege ya vita, keshokutwa tembo anayeburuta gogo, au askari wanavuka mto wameinua bunduki juu ya vichwa. Nikitumwa maji nilirudi mbio, nusu ya mtungi imenimwagikia mgongoni, ili nisipitwe na kitu. Sanamu moja tu aliifanyia kazi chini ya gunia, hakutuonyesha.

Siku ya kuchoma tulikusanya samadi kavu mpaka mikono ikawasha. Bibi alipanga vyungu chini, sanamu katikati, nyasi na kuni juu, akawasha. Tulizunguka moto ule tukiruka kama ndama. Mara tukasikia "pa". Kitu kimepasuka, na hatujui ni kipi. Nikaomba tuchungulie. Bibi akasema, "Anayefunua mapema hula vigae."

Alasiri akaanza kufukua kwa mti mrefu. Ndege ilikuwa imevunjika bawa. Tembo akatoka mzima, mwekundu kama jua la machweo, tukacheza mpaka vumbi likatuficha. Mjomba hakumtazama tembo. Alifukua ile ya gunia, akaipangusa majivu polepole, kisha akaniambia, "Kamwite mama jirani."

Nilikimbia kuliko siku zote. Alikuja na unga wa mtama mikononi, maana nilimkuta kwenye jiwe la kusagia.

"Shikamoo, mama," mjomba akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Akamwonyesha. Alikuwa mtu ameinama, amembeba mwenzake mgongoni.

"Huyu wa chini nani?" mama akauliza.

"Mimi."

Akakaa chini. Hakuuliza wa juu ni nani. Alimgusa kichwani kwa kidole kimoja, ingawa udongo ulikuwa bado wa moto.

"Alipigwa risasi mtoni," mjomba akasema. "Nilimbeba mpaka jua likazama. Alikuwa ananiongoza njia, mama, mimi nilikuwa nimepotea. Alikata roho akiwa juu yangu. Hakuwa peke yake."

"Kumbe alibebwa," mama akasema. Akarudia mara nyingi, kisha akaifunga sanamu katika kaniki yake, akaenda nayo nyumbani.

Leo bibi hayupo, mjomba hayupo. Bonde tulilochimba udongo limo ndani ya uzio wa mgodi, na maji tunateka kwa ndoo za plastiki. Sanamu ile sijui iliishia wapi. Ninachojua ni kwamba baada ya ile barua, mama yule akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu wanne. Tangu jioni ile mpaka anazeeka alijibu watano, na yule wa vitani ndiye aliyemtaja kwanza.