Profesa Merle na Jeshi Lake

Ardis Sundquist ndiye mtu wa kompyuta katika maabara ya Profesa Merle Engebretson pale Duluth, mji wa baridi kali kaskazini mwa Marekani, na kwa miaka mingi amewapigia wanafunzi kelele ileile: "Sawazisheni kwanza, ndipo mlinganishe!" Kazi yake ni kuchukua usomaji wa jeni zinazofanya kazi ndani ya damu, kuchokoa humo vipande vya vipokezi vya seli T, hao askari wa mwili, na kukadiria wako wa aina ngapi. Aina zikiwa nyingi, hakosekani wa kumtambua adui.

Majira yale ya baridi watu wa maabara walitoa damu yao wenyewe, iwe kipimo cha wazima. Profesa, ambaye hakuwa amegusa programu ya hesabu hiyo tangu nywele zake zilipokuwa nyeusi, akachora mwenyewe mchoro wa kuonyesha nani ana aina nyingi zaidi. Akaibuka wa kwanza. Ardis akashika mkia.

"Jeshi, Ardis, jeshi!" Profesa alijipiga kifua kando ya birika la kahawa. "Wewe una mgambo wawili na mbwa."

"Haya, hongera," Ardis akajibu, akitabasamu kwa adabu ya watu wa kule huku moyo unawaka.

Binti yake, Kirsten, alikuwa amejifungua mwezi ule. Sasa Ardis akajiona mgonjwa wa kitu kisicho na jina, atakayemzolea mtoto kila kijidudu cha mjini. Akawa anamtazama mjukuu kupitia dirishani, theluji magotini, machozi yakimganda. Na mganga hajigangi: faili lake hakuthubutu hata kulifungua.

Kwenye mkutano wa maabara, profesa alipouonyesha mchoro wake tena, hasira ikaushinda woga.

"Merle, ulisawazisha?"

"Kusawazisha nini?"

Ardis akafungua mafaili palepale. Mashine ilikuwa imesoma vipande vya damu ya profesa mara kumi ya vya Ardis, kwa sababu mzee alitaka chupa yake ijazwe na isomwe kuliko za wengine.

"Mwenzangu umetoboa matundu kumi ya kuvulia kwenye barafu ya ziwa, mimi moja, halafu unanicheka kwa aina za samaki?"

Akapunguza usomaji wa kila mtu, bila kuchagua vipande, mpaka wote wakalingana kwa idadi ya vipande. Akachora upya. Yeye alisimama katikati, mzima kama watu wengine. Profesa akaporomoka mpaka chini kabisa.

"Mchoro wa kuvutia," profesa alisema, na kwa watu wa kule hayo ni matusi makubwa.

Ardis alikuwa ameshatoka nje kumpigia Kirsten. "Nakuja kumshika mtoto."

"Leo usije, Mama. Ana makamasi, anapiga chafya kama mzee."

"Basi niwekee kiti."

Alimpakata jioni nzima, akambusu mpaka puani. Keshokutwa yake aliamka ana homa, pua inachuruzika, sauti imekauka, akalala kitandani akicheka peke yake: kumbe mtoto ndiye aliyemzolea yeye kijidudu.