Bafta ya Mtu Aliye Hai

Niliripoti kazini saa moja asubuhi, nikiwa na miaka kumi na mitano. Shule yetu ilikuwa imefungwa kwa ajili ya matubwitubwi, na mama alisema hawezi kukaa na mtu ambaye kazi yake ni kula tu. Ninyi wa darasa la sita, ambao hamjawahi kuajiriwa, nisikilizeni niwaeleze ushonaji ulivyokuwa enzi zangu, yaani mwezi uliopita.

Mkuu wangu alikuwa Fundi Bashir, hapa Nakuru. Alinipanga Idara ya Vifungo. Niliposhona vifungo vya suruali upande wa nyuma, nikahamishiwa Idara ya Bandi: unashona kwa mkono nyuzi ndefu za kushikilia kitambaa kabla cherehani haijapita. Kitambaa chenyewe nilitumwa kukinunua mwisho wa mtaa, ilhali duka la jirani, Bwana Mohanlal, limejaa vitambaa hadi darini.

"Si tununue hapa, Fundi?"

"Wewe shona."

Wateja ndio walionieleza. Hao wawili walikuwa wakinywa chai pamoja kila siku, mpaka India ilipokatwa ikawa nchi mbili, miaka minne iliyopita. Fundi akawa wa Pakistani, Mohanlal wa India, salamu ikaisha. Rafuni kulikuwa na vikombe viwili, kimoja kimejaa vumbi. Nilipotaka kukitilia vifungo, Fundi alinizuia. "Hicho kina mwenyewe."

Asubuhi moja nilimkuta ameketi mbele ya redio, pasi ya makaa imepoa.

"Mkubwa wetu amepigwa risasi," alisema. "Amekufa."

Mkubwa niliyemjua mimi ni kaka yake wa Eldoret, aliyekuwa ametuletea suruali ipunguzwe juma lililotangulia. Nilikimbia kwa jirani kutangaza msiba.

Mohanlal aliteremsha jora. Alipima bafta, kile kitambaa cheupe cha sanda, akakata, akaja nayo.

"Pole, Bashirbhai. Pole ya ndugu yako."

"Ndugu gani? Ndugu yangu mzima. Ni Waziri Mkuu wetu, wa Pakistani."

Wote wakanigeukia. Nikainamia sindano, nikapiga bandi kitambaa ambacho hakikuwa na kazi.

Mmoja ni Mpunjabi, mwingine Mgujarati. Jambo zito hulisema kwa Kiswahili chetu.

"Siku walipoua Mzee yetu ya uhuru kule India," Mohanlal alisema, "wewe ulifunga duka?"

"Sikufunga."

"Mimi nilisikia cherehani yako. Siku mzima."

Fundi alitazama sakafu. "Nilishona nikilia, Mohanbhai. Kuja kwako niliogopa. Ningesema nini?"

Mohanlal alitia bafta kwapani, akaelekea mlangoni. Nikajua tumemkosa. Akauvuta mlango, akaufunga, yeye akiwa ndani.

"Duka inafungwa hivi," alisema. Akanigeukia. "Wewe mtangazaji, osha kikombe."

Nilistaafu Jumatatu, shule ilipofunguliwa. Siku hizi kitambaa hununuliwa kwa jirani, na wakizozana juu ya mipaka yao, huzozana chai ikiwa mezani. Bafta ile hakuna aliyetaka irudi dukani, kwa hiyo Fundi alinishonea shati la shule, ndiyo pensheni yangu. Vifungo alishona yeye.

Mwenye sanda yuko Eldoret, ananenepa. Waziri aliyeuawa simjui hata sura. Lakini shati la msiba wake, tukienda kucheza mpira, nalivua kwanza, nalikunja.