Sauti Zilizokaa kwa Mdogo Wangu

Wiki iliyopita alikuja kwangu, hapa Kimanga, msichana mmoja mwanafunzi wa chuo. Anafanya utafiti juu ya watoto wenye otisime. Ndivyo daktari alivyoiita hali ya mjukuu wangu; redioni nimewasikia watu wa Tanzania wakisema usonji. Nilimpa kiti, nikampa maji, lakini moyo sikumpa. Nimeshaona watu wakiwaendea watoto wa namna hii na maneno matamu. Alipouliza, nilijibu kwa ufupi, kama mtu aliyesimamishwa na askari kwenye barriere. Mwishowe akasema, "Mama, mutoto anarudiliaka maneno ya watu? Vile vile na sauti yao?"

Nilimwambia arudi Alhamisi, baada ya ibada ya akina mama. Swali lake lilikuwa limeshanipeleka Mulongwe, kwenye uwanja wa bibi yetu.

Kama ulikulia kando ya ziwa, uwanja ule unaujua bila mimi kukueleza. Asubuhi mitumbwi ikirudi na taa zimezimwa, akina mama wanashuka na mabeseni, na ndagala, dagaa wetu, zinamwagwa juu ya mchanga hadi ufuo wote unang'aa. Sisi watoto tulikaa na vijiti tukifukuza kunguru. Harufu ile iliingia kwenye nywele, kwenye nguo za Jumapili, hata kwenye Biblia ya bibi. Wazazi wetu walilima mpunga bondeni Ruzizi, nasi wawili, mimi na mdogo wangu, tulilelewa na bibi huyo, mama mzaa baba.

Mdogo wangu hakuwa kama watoto wengine. Hakusalimia mtu. Ngoma za kanisa zikianza aliziba masikio na kulia. Alizipanga ndagala mojamoja, vichwa vyote vikielekea mlimani, na ukigusa moja tu, siku yenu imeharibika. Maneno yake mwenyewe yalikuwa machache sana. Ila maneno ya wengine aliyaweka, kisha akayatoa siku yoyote, pamoja na sauti na kikohozi cha aliyeyasema.

Bibi alikuwa mtu wa sala, lakini hakumwamini mtu haraka. "Bwana alisema tukeshe na tuombe," alituambia. "Angalieni, kukesha kulitangulia."

Siku moja jirani yetu, mama muuza samaki, alikuja kuomba chumvi. Mdogo wangu, bila kuinua uso, akasema kwa sauti nzito ya mume wa yule mama: "Nitaenda Kalemie na boti ya Ijumaa. Muke wangu asijue." Jirani akacheka, akaenda na chumvi yake. Ijumaa mume akapanda boti.

Basi mtaa mzima ukasema mtoto anaona yajayo. Mimi na bibi tulijua kwamba yule mwanaume alizoea kuongea na rafiki zake nyuma ya ua wetu, pale pale alipokaa mdogo wangu na samaki zake. Bibi aliwaeleza watu. Nani amsikilize? Watu wanapenda muujiza kuliko ua wa matete unaopitisha sauti.

Ndipo akaja mama kiongozi wa chumba kimoja cha maombi, amevaa nyeupe, pamoja na msaidizi wake. "Mama, Bwana asifiwe," alisema. "Huyu mutoto ni chombo cha Mungu. Mutupatiye, akae kwetu, afunge kula, kinywa chake kifunguke."

"Vyombo vya kwangu ninaviosha mwenyewe," bibi alijibu.

"Unamukatalia Mungu?"

"Mungu anajua mulango wangu. Weye ndiyo umeujua leo."

Lakini yule mama aliahidi kurudi Jumamosi na wazee wa mtaa, na baba yetu alikuwa ametuma habari kwamba yeye hana neno: mtoto kuitwa nabii ni heshima kwa ukoo. Bibi hakulala vizuri siku zile. Alijua mtoto asiyeweza kusema "nina njaa" angefungishwa kula mpaka afe. "Anayemuita nabii leo," aliniambia tukichambua sombe, majani ya muhogo, "siku atakapokosea, atamuita muchawi."

Jumamosi walikuja kweli. Bibi akawakaribisha, akawaomba wangoje kidogo uani akamalize kupika. Yule mama na msaidizi wake wakakaa kwenye mkeka, wazee wakabaki kivulini upande wa barabara. Mdogo wangu alikuwa pale pale kwenye mchanga, amewapa mgongo. Nani anamwogopa mtoto aliyempa mgongo?

Tulipokwisha kula, wazee wamekaribia, yule mama akasimama aombe. Hapo mdogo wangu akasema, kwa sauti yake yule mama, na kikohozi chake kidogo: "Tukipata huyu, watu wa Kavimvira wote watakuya kwetu. Ule mama muzee anayemulea ni mujinga, mupe tu kitenge."

Wazee wakamgeukia yule mama.

"Nabii amesema," bibi akasema polepole. "Munamuamini ao hamumuamini?"

Mzee mmoja akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, mpaka akashika ukuta. Yule mama alichukua viatu vyake mkononi. Hakurudi.

Usifikiri tulishinda bure. Tangu siku ile watu walishusha sauti wakipita kwetu, na wengine hawakupita kabisa. Bibi hakulalamika. Alisema afadhali wamwogope kuliko wamtumie. Ila aliweka desturi: yeyote aingiaye uani aanze kwa neno jema mbele ya mtoto, kwa sababu litakaa.

Maneno yalikaa kweli. Bibi alipokufa, mdogo wangu aliendelea kutuita kwa sauti ya bibi kila jioni, kama bibi alivyozoea: "Mukuye kula, bugali inapoa!" Tuliitikia, tukaenda kula, miaka mingi. Kisha malaria ikamchukua naye, mtu mzima tayari, nasi tukazika sauti zote pamoja. Ziwa limepanda, limemeza uwanja. Palipokuwa na ndagala, sasa watoto wanaogelea.

Jumatano, siku moja kabla ya msichana kurudi, mjukuu wangu alikuwa akipanga vifuniko vya chupa mlangoni. Ghafla akasema kwa sauti ya yule mwanafunzi, kama alipompigia mama yake simu nje ya geti: "Mama, nimeona mutoto sawa na kaka yetu. Wanamupenda. Hawamufichi."

Niliketi kwanza. Kesho yake nilimwekea msichana chai, nikamweleza yote niliyokueleza wewe. Bado nakesha, nimezoea. Lakini nilimshukuru Mungu.

Jioni ile nikapakua. Nikajaribu kuishusha sauti yangu ifanane na ile ya Mulongwe, nikaita kuelekea mlangoni: "Mukuye kula, bugali inapoa!"

Mjukuu wangu hakugeuka. Ninangoja siku atakapoitoa sauti ile.